Mapindo Saba na Kikapu cha Mama Lea

Nianze na yale yasiyobishiwa. Jina langu ni Habibu, naishi Ilomba hapa Mbeya, na kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mpanga chapa. Kazi yangu ilikuwa kuokota herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye visanduku vyake, kuzipanga kinyumenyume kwenye fremu ya chuma, kuzipaka wino na kuchapa: kadi za harusi, ratiba za mazishi, vyeti vya ubatizo, matangazo ya mnada wa ng'ombe. Hayo yote yana mashahidi. Kwamba mwaka mmoja baridi ya Juni iligandisha wino tukawa tunaukata kwa kisu kama sabuni ya mche, na kadi mia mbili za harusi zikachapwa kwa wino nilioutafuna kwanza ili ulainike, hayo hayana mashahidi, ila meno yangu mnayaona.

Kwa sababu ya hadithi kama hii ya meno nilikaribia kunyimwa kitu nilichokingoja miaka ishirini.

Mjukuu wangu Hanifa alikuwa anaolewa. Mume ni Anwari, kijana wa Iringa mjini anayeuza vipuri vya pikipiki, kijana mwenye adabu ingawa mimi humwita mgoni wangu, kama babu yeyote anavyomwita mtu aliyemchukulia mke. Nikaha ilipangwa kwetu Ilomba, kisha walima, karamu ya harusi, kwao Iringa. Na pale kwenye walima, upande wa bibi harusi husimamisha mzee mmoja aseme. Hanifa alipokuwa na miaka minne, amekaa kwenye goti langu anakula ndizi, aliniambia, "Babu, siku yangu utasema wewe." Tangu hapo nimekuwa nikiifanyia hotuba hiyo mazoezi mbele ya mbuzi, na mbuzi wawili niliwahi kuwaona wakitoa machozi.

Familia ikakaa Jumapili mchana kupanga. Mke wangu Amna ndiye aliyefungua kikao.

"Huyu mume wangu hasemi," alisema. "Tuanze na hilo, mengine yatakuwa mepesi."

"Nisiseme kwa nini?"

"Harusi ya mwanetu wa mwisho uliwaambia wakwe kwamba bibi harusi alizaliwa na meno manne akamng'ata mkunga. Mpaka leo mama mkwe wake akitaka kumbusu anamwomba afumbe mdomo."

"Yalikuwa mawili," nilisema.

"Na kile kiazi, shemeji?" Huyo alikuwa Yunusu, mdogo wake Amna, muuza kofia wa Mwanjelwa. Yunusu ni mtu mwema ambaye hajawahi kusema uongo, na hajawahi kumaliza hadithi. "Uliwaambia watu kiazi kimoja cha Uporoto kilipakiwa kwenye malori mawili, kichwa huku, miguu kule. Kiazi kina miguu?"

"Kile kilikuwa nayo."

"Yunusu aseme," Amna alihitimisha. "Atachosha watu, lakini hatatuaibisha."

Nilimtazama Hanifa. Hakucheka. Aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Babu, hebu niambie kitu kimoja tu. Kimoja cha kweli ambacho umewahi kusema, nikutetee nacho."

"Kipo," nilisema. "Mapindo ni saba."

Yunusu akapiga paja. Hilo walikuwa wamelisikia mara nyingi, na katika yote niliyowahi kusema ndilo ambalo hawakuliamini hata kidogo.

Nikachukua kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza nyuma, nikaanza kuandika. Ngoja nikueleze na wewe, maana ni rahisi kuliko kumenya chungwa. Katika uchapaji, kadi nzuri lazima izungukwe na pindo: kipambo kimoja cha risasi kinachojirudia, kinajirudia, mpaka ukingo uishe. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini mikono yangu ilikaa na vipambo hivyo kila siku, nikaanza kujiuliza: pindo hili ninaweza kulifanyia nini, likabaki lile lile? Nikilipindua kichwa chini? Nikilisimamishia kioo kwa kulikata katikati? Nikikilaza kioo kwa urefu wake? Nikayagawa mapindo yote kwa majibu yao, na herufi zenyewe zikanisaidia.

FFFF. Hili halikubali chochote, linasogea tu mbele kama foleni ya benki. AAAA linakubali kioo cha kusimama, kushoto kwake na kulia ni mapacha. DDDD linakubali kioo cha kulala, juu na chini ni sawa. NNNN linakataa vioo vyote, ila lipindue kichwa chini, ni lile lile. HHHH halina maringo, linakubali kila kitu. Halafu bpbp, hizi ni nyayo zako kwenye tope la masika: kushoto, kulia, kushoto, kulia, kioo na hatua vimefungwa pamoja huwezi kuvitenganisha. La mwisho MWMW, meno ya msumeno: linakubali kioo cha kusimama na pia linapinduka, M inakuwa W na W inakuwa M, unasogeza hatua moja yanalingana.

Basi. La nane nililitafuta miaka kumi na mitatu. Siku moja mwanafunzi wa chuo alileta kazi yake ichapwe, nikakuta humo wasomi nao wamehesabu, wakafika saba, wakasimama. Siku hiyo nilikula nyama bila kusubiri sikukuu.

"Kila pindo duniani," niliwaambia, "lina kiti chake kimoja kati ya hivi saba. Halikosi kiti wala halikalii viwili."

"Duniani," Amna alirudia. "Huyu hajafika hata Tunduma mwaka huu."

Lakini Hanifa alikuwa ameshika simu. "Tufanye hivi. Kuanzia leo mpaka walima, yeyote alete pindo. Likipatikana moja lisiloenea kwenye saba za Babu, Babu Yunusu anasema. Lisipopatikana, Babu anasema, na hakuna atakayenung'unika." Akaandika masharti hayo kwenye kundi la familia, watu thelathini na tisa, pamoja na shangazi yake aliyeko Ruaha Mbuyuni anakolima vitunguu, ambaye hapokei simu za mtu ila kundi analisoma neno kwa neno. Hapo maneno yakawa sheria.

Kesho yake Yunusu alifunga duka nusu siku. Alinikalisha kwenye stuli akanishushia kofia za viua, zile za kushonwa kwa mkono, ambazo ukanda wake wa kuzunguka kichwa umejaa vitobo vya mapambo. Mimi nilikuwa na kioo changu cha kunyolea ndevu. Nasimamisha kioo, nalaza kioo, napindua kofia, nasema.

"NNNN."

"Na hii?"

"HHHH. Hii mshonaji wake ni mtu wa amani."

"Hii je? Hii ilitoka Lamu."

"Hata ingetoka mwezini. AAAA."

Tulipofika kofia ya sitini na mbili Yunusu alikuwa anatoka jasho. Wateja nao wakaingilia. Mama mmoja akaleta khanga, fundi akanivuta nje nikaone nondo za dirisha alizochomelea, dada msusi akamleta mteja wake kichwa kikiwa nusu kimesukwa. Mwenye bajaji akaomba nisome alama za tairi lake. Zilikuwa bpbp, nikamwambia bajaji yake inatembea kama mtu, akafurahi siku nzima. Hakuna kilichokosa kiti. Kwenye kundi la familia shangazi wa vitunguu aliandika: Mzee amewezaje? Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi ananisifu, nami niliisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya Amna mara tatu.

Siku nne kabla ya walima tulikwenda Iringa kwa gari la Yunusu: yeye, Amna na mimi. Amna alitaka vikapu vya kumpelekea Bi Jaha, bibi yake Anwari, ambaye ndiye mkubwa wa ile familia. Vikapu hivyo viliagizwa kwa Mama Lea wa Kalenga. Njia nzima Yunusu alinionyesha mapindo: utepe unaong'aa nyuma ya malori, ukingo wa daraja, sweta la mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi Makambako. Nilimjibu huku nimefumba macho nusu. Makambako mpaka Mafinga nilikuwa naifanyia hotuba mazoezi kimoyomoyo, na ilikuwa nzuri kuliko zote.

Mama Lea tulimkuta amekaa kwenye mkeka uani, mguu mmoja ameunyoosha, anachana milulu, yale manyasi wanayosukia vikapu. Ni mama wa Kilutheri wa miaka kama sitini, kitambaa cha kwaya kichwani, mikono haisimami hata akikusalimia.

"Kamwene," alitusalimia kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, mama," tukaitikia, na Yunusu, kabla hajakaa, akamweleza habari yote ya viti saba. Mama Lea alisikiliza huku anachana.

"Saba," alisema. "Si vingi."

"Vinatosha," nilisema.

Akanyoosha mkono nyuma yake akavuta kikapu kimoja, cha kusimama, kipana juu kama chini. Katikati kilikuwa na mkanda: pembetatu nyekundu zimesimama, na kati yake pembetatu nyeusi zimening'inia kichwa chini, zikijaza nafasi mpaka hakuna pengo. Nikasimamisha kioo. Kikakubali. Nikalaza kioo. Kikakataa.

"AAAA," nilisema. "Kioo cha kusimama tu. Asante mama, vikapu vyako ni vizuri, tuhesabu tuondoke."

"Hujakipindua," alisema Mama Lea.

"Nikipindua kinabadilika. Nyekundu zitakuwa ndizo zinazoning'inia."

"Pindua."

Nikakigeuza mdomo chini. Sasa nyeusi zimesimama, nyekundu zinaning'inia.

"Unaona? Si lile lile," nilisema.

"Nyekundu imekwenda wapi?"

"Imekwenda kwa nyeusi."

"Na nyeusi?"

"Kwa nyekundu."

"Kuna iliyokosa mahali pa kukaa?"

Nilitazama. Hakuna iliyokosa. Kila pembetatu nyekundu ilikuwa imekalia pale pale ilipokuwa nyeusi, bila kuzidi hata unyasi mmoja.

"Mama yangu alikuwa akimaliza kutumia kikapu anakitundika mdomo chini," alisema Mama Lea, "na hakutaka kikitundikwa kionekane kimepinduka. Kwa hiyo tunasuka namna hii. Nasuka nyekundu, nahesabu. Nasuka nyeusi, nahesabu. Zikikosa kubadilishana nafasi sawasawa nafumua nianze upya. Hiki nimekifumua mara mbili. Sasa baba, huko kubadilishana, kwenye vile viti vyako saba, kumekaa wapi?"

Nikakigeuza tena kikapu, juu, chini, juu.

Nataka uelewe nilichokuwa nacho mkononi. Ningeweza kusema: rangi mbili ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo kikipinduka hakikubali, ni AAAA, kwisha. Yunusu angekubali. Amna angekubali. Na isingekuwa hata uongo. Au ningeweza kusema: sahau rangi, tazama mistari peke yake, ni MWMW, meno ya msumeno. Hata hiyo isingekuwa uongo. Na ndiyo iliyonitia baridi, maana nilikuwa nimeapa kwamba hakuna pindo linalokalia viti viwili, na hiki kikapu kilikuwa kimekaa kwenye viwili vyote kwa raha, mguu huku mguu kule. Tena lile ambalo mwanamke huyu alikuwa amelifumulia kazi mara mbili, lile hasa, saba zangu hazikuwa na jina lake.

Kisha nikajua kosa langu lilipokaa. Miaka thelathini na moja tulichapa kwa wino mweusi. Wino wa rangi ulikuwa ghali na mashine ilikuwa moja. Kuibadilisha rangi ilikuwa ni kuiosha nusu siku. Nilikuwa nimeipima dunia nzima kwa wino mweusi, nikadhani dunia ndivyo ilivyo.

"Shemeji?" Yunusu alisema. "Ni AAAA, si umeshasema?"

Nilirudisha kioo mfukoni.

"Hapana," nilisema. "Hiki sina kiti chake."

Amna, aliyekuwa anachagua vifuniko, aliacha. Alinitazama kama mtu aliyeona kuku anaogelea.

"Rudia," alisema.

"Saba zangu ni za rangi moja. Hiki ni cha mbili, na rangi zake zina mpangilio ambao mimi sikuuhesabu. Yunusu atasema."

Yunusu hakushangilia. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akavua kofia, akaitazama kama iliyomsaliti. "Shemeji, mimi sikuwa nataka kusema," alinong'ona. "Nilikuwa nataka tu usiseme wewe."

"Masharti ni masharti."

Hanifa alipiga simu baada ya robo saa. Shangazi yake wa vitunguu alikuwa ameuliza matokeo kwenye kundi, na Amna akayaandika yote. "Babu, tufute," alisema. "Uliyosema hapo Kalenga yananitosha mimi."

"Watu thelathini na tisa wameyasoma masharti, mke wangu. Ukiyafuta kwa ajili yangu watasema umenirithi."

Akaaga, akakata simu. Mama Lea akaendelea kuchana milulu. Nilimwomba kile kikapu kiwe cha kwanza katika vile vya kumpelekea Bi Jaha, naye akasema kilikuwa hakijamalizika mdomo, nisubiri. Nikasubiri, nikiangalia vidole vyake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hotuba ilikuwa imenitoka kichwani.

Tulirudi Ilomba, nikaha ikafungwa, na Jumamosi walima ukafanyika kwenye ukumbi wa Iringa mjini, wageni wamejaa, Bi Jaha mbele kabisa na kikapu chake kwenye mapaja kama mtoto. Hanifa alikuwa ametulia chini ya mtandio wake wa dhahabu, Anwari ubavuni mwake amevaa kofia ya viua aliyopewa na Yunusu. HHHH. Mimi nilikaa safu ya pili, mikono kwenye magoti.

Yunusu aliitwa. Alisimama, akaingiza mkono mfuko wa kanzu, akaingiza mfuko mwingine, na nikaona uso wake ukibadilika. Karatasi ya hotuba yake, ya kurasa mbili, ambayo Amna alikuwa ameihariri, ilikuwa imebaki Ilomba kwenye kanzu nyingine.

"Bismillahi," alisema. Akapapasa mifuko tena. Watu wakangoja. Mtoto fulani akaanguka na kiti chake, na hata hilo halikutusaidia muda mrefu.

"Mimi," alisema Yunusu, "nina shemeji."

Akaninyooshea kidole.

"Shemeji yangu huyu alipima kofia elfu sita."

Niliinua kichwa. Zilikuwa sitini na mbili.

"Elfu sita, kwa siku moja. Alizipima kwa kioo, mpaka kioo kikapata moto. Kila kofia aliijua jina. Kisha tukamleta hapo Kalenga kwa Mama Lea, tukampa kikapu hicho alichokipakata Bi Jaha. Akakitazama. Akakipindua. Ndugu zangu, alizimia." Watu wa nyuma walianza kucheka, na Yunusu, ambaye maishani mwake hajawahi kuchekesha hata paka, aliona vizuri kicheko hicho kinatoka wapi, akakifuata. "Alizimia chini. Nikakimbia mtoni, Ruaha Mdogo, nikachota maji kwa kofia, kofia ya viua ina vitobo, maji yakamwagika yote, nikarudi, nikachota tena, safari kumi na moja. Alipozinduka akasema: Yunusu, nyekundu imekaa kwa nyeusi na nyeusi kwa nyekundu, na pindo halikuharibika. Sasa hao wawili pale mbele, ndivyo wawe. Siku dunia ikiwapindua, kila mmoja akae mahali pa mwenzake, na rangi yake abaki nayo."

Akakaa. Alikuwa amemaliza hadithi, na nadhani yeye ndiye aliyeshtuka kuliko wote. Ukumbi ulikuwa unapiga makofi na vigelegele. Amna alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Lakini Bi Jaha aliinua mkono, na Bi Jaha akiinua mkono Iringa nzima inanyamaza. Alimtazama Yunusu aliyekuwa anapangusa jasho kwa kofia. Kisha akageuka kwangu.

"Huyo ndiye mzee wa Kalenga?" aliuliza. "Yule niliyeambiwa alikataa kudanganya hata kwa faida yake?"

"Ndiye," alisema Anwari.

"Mpeni maiki."

Wakanipa. Nilisimama nayo, nzito kuliko nilivyoidhania miaka ishirini yote. Mbele yangu Hanifa alikuwa ameinua ukingo wa mtandio anitazame vizuri. Pembeni Yunusu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Niambie wewe, mzee," alisema Bi Jaha. "Ni kweli ulizimia?"

Nilisafisha koo.

"Kweli tupu, Bi Jaha," nilisema. "Ila nilizimia mara mbili. Ya pili shemeji hakuiona, alikuwa mtoni."

Hanifa alicheka mpaka hina ya mkono wake ikagusa uso. Na kabla sijafika kwenye kiazi, Amna alikuwa ameshanyanyuka kuja kuichukua maiki.